Uzi: Kuandaa mashine ya kutengenezea tovuti kwa anayeanza, isiyoyumba hata umeme ukikatika

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni kwa anayeanza kutengeneza tovuti. Ana laptopu ya mtumba ya Kariakoo au Luthuli, RAM GB 4 au 8, intaneti yake ni bando la simu, na kwake umeme unakatika bila kubisha hodi. Mwenye MacBook mpya na faiba ya ofisini anakaribishwa kusoma, ila sikumwandikia yeye.

Nianze na msimamo wangu ili tusipotezeane muda. Mashine iliyoandaliwa vizuri ni ile ambayo ikiibiwa leo, kesho unakaa kwenye nyingine na kazi inaendelea. Wingi wa programu hauhusiki. Wanaoanza wengi hutumia wiki nzima kusakinisha vitu walivyovisikia YouTube, Docker, MongoDB, PHP tatu tofauti, halafu hawajui kipi kinategemea kipi. Siku kimoja kikigoma, wanafomati mashine yote.

Vifaa. Kama hela inatosha kununua kitu kimoja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) kabla ya kuongeza RAM. Mradi wa kawaida wa JavaScript una folda ya `node_modules` yenye maelfu kwa maelfu ya vifaili vidogo, na diski ya zamani inayozunguka inavisoma kwa taabu huku antivairasi ikivikagua kimoja kimoja. Ukihamia SSD utadhani umebadilisha laptopu.

Pili, angalia Windows uliyonayo. Windows 7 imeshaachwa: Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109, VS Code ya mwisho ni 1.70, na Node.js kuanzia 14 haisakiniki. Windows 10 nayo Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ikiwa nzee na Windows 11 haiingii, Linux Mint inakwenda vizuri kwenye GB 4 na haikudai chochote. Na Windows ya kukraki, yenye kile kiprogramu cha kuiamsha ulichoambiwa uzime antivairasi kwanza ndipo kifanye kazi, usiweke nywila ya mteja wako humo. Sitaeleza zaidi.

Kabla ya kusakinisha chochote, fanya haya mawili. Fungua File Explorer, nenda View, washa "File name extensions". Windows huficha mikia ya faili, kwa hiyo unaandika ukurasa kwenye Notepad, unauhifadhi kama `index.html`, kumbe jina lake kamili ni `index.html.txt`. Brauza inakuonyesha maandishi matupu nawe unaanza kutafuta kosa kwenye HTML yako, ambayo haina kosa.

La pili, tengeneza folda ya kazi kwenye mzizi wa diski, mfano `C:\kazi`. Usiiweke Desktop wala Documents. Kwenye mashine nyingi za sasa folda hizo mbili zinasawazishwa na OneDrive bila mwenyewe kujua, kwa hiyo yale maelfu ya vifaili yanaanza kupandishwa mtandaoni kwa bando lako, na mara nyingine npm, kishushaji cha vifurushi vya JavaScript, inakwama kwa sababu OneDrive imeshikilia faili. Majina ya folda yaandike kwa herufi ndogo, bila nafasi. `duka-la-mama` ni jina zuri. `Duka La Mama FINAL 2` litakutesa.

Kihariri. VS Code, basi. Ni ya bure na kifurushi chake kina MB 100 hivi. Usiichanganye na Visual Studio, ambayo ni programu nyingine kabisa, ina magigabaiti, na huihitaji. Nimeona watu wamemaliza bando la mwezi kwa kushusha ile isiyo yenyewe. Nyongeza weka mbili au tatu tu: Live Server, Prettier, na ya lugha unayojifunza. Ukiweka ishirini, mashine ya GB 4 itapumua kwa shida na hutajua ipi inaikaba.

HTML, CSS na JavaScript. Hapa huhitaji kitu kingine. Ila usifungue kurasa zako kwa kubofya faili mara mbili. Anwani ikianza na `file://`, brauza inazuia mambo kadhaa: `import` ya JavaScript inakataa, `fetch` ya faili la JSON inakataa, na kwenye konsoli unaona maandishi mekundu yanayotaja CORS. Wanaoanza wakiona neno hilo wanazama kwenye mijadala ya seva ambayo haiwahusu. Bofya "Go Live" ya Live Server, anwani inakuwa `http://127.0.0.1:5500`, tatizo linaisha.

Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la kazi yako. Isakinishe siku ya kwanza hata kama hujui inafanya nini. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux, lakini kwako wewe kazi yake ya kwanza ni kukuondolea `FINAL 2`. Jifunze amri nne: `git init`, `git add .`, `git commit -m "..."`, `git push`. Matawi na mengine yatakuja yenyewe. GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git (ripo), haipokei tena nywila ya akaunti kwenye amri ya `push` tangu tarehe 13 Agosti 2021, kwa hiyo video ya zamani inayokuambia uandike nywila itakukwamisha. Git for Windows inakuja na msaidizi anayefungua brauza, unaingia humo mara moja, imetoka hiyo.

Na kabla ya komiti ya kwanza, tengeneza faili `.gitignore` uandike ndani:

```
node_modules/
vendor/
.env
```

Mistari hiyo mitatu inakuokoa na kusukuma mamia ya megabaiti kwa bando, na inakuokoa na kuanika nywila ya databesi hadharani. Huo wa tatu ndio mzito. Ukishasukuma `.env`, faili la nywila za mradi, kwenye ripo ya wazi, kuifuta faili hakutoshi, kwa sababu historia ya Git bado inayo. Badilisha nywila yenyewe.

Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya brauza. Isubiri mpaka somo lako liitake. Ikifika, chukua toleo lililoandikwa LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu), achana na jipya kuliko yote. Ukishaanza kuwa na miradi ya watu tofauti tumia nvm-windows, inayokuruhusu kubadilisha matoleo ya Node, maana mradi wa zamani utataka Node ya zamani na mpya utataka mpya. Ondoa kwanza Node uliyosakinisha kawaida, ndipo uweke nvm, la sivyo zitagombana. Na kama video yako inaanza na `create-react-app`, tafuta nyingine. Timu ya React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, iliitangaza kuwa imestaafu Februari 2025. Siku hizi wengi wanaanza na Vite.

PHP. XAMPP, kifurushi chenye Apache (seva), PHP na databesi pamoja, bado inafaa kujifunzia. Najua kuna watakaokuja kunikaanga. Karibuni.

Maswali wekeni chini. Ukiwa na kosa, bandika maneno ya kosa lenyewe. Usiniandikie "inagoma".

---

Mdau wa Mwanza

Mkuu ubarikiwe. Mimi ni huyo wa XAMPP. Apache inawaka, MySQL inawaka sekunde mbili inazima. Inaandika hivi:

`Error: MySQL shutdown unexpectedly.`

Jana ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, umeme ukakatika nikiwa kazini, betri ya laptopu hii imekufa. Nina databesi mbili humo, moja ya project ya chuo. Kuna mtu ameniambia ni-uninstall XAMPP niweke upya.

---

Mleta uzi

USIONDOE XAMPP. Ukiiondoa na kukubali ifute folda yake, databesi zimekwenda nayo.

Kilichotokea: databesi ilikuwa katikati ya kuandika umeme ulipokatika. Panel inaandika MySQL ila kilichomo tangu 2015 ni MariaDB, mdogo wake. Kwa kawaida ikiwaka tena inajitengeneza yenyewe. Mara nyingine faili za mfumo zinakuwa zimeharibika kiasi kwamba inakata tamaa na kuzima. Data yako kwa sehemu kubwa bado ipo.

Kwanza hakikisha si ugomvi wa poti (mlango wa mawasiliano wa programu). Fungua Command Prompt:

`netstat -ano | findstr :3306`

Ikileta mstari wowote, kuna MySQL nyingine imekaa kwenye poti hiyo. Hilo ni tatizo tofauti, izime hiyo nyingine. Isipoleta kitu, endelea hivi:

Funga XAMPP kabisa. Nenda `C:\xampp\mysql`. Folda ya `data` ibadilishe jina iwe `data_ya_zamani`. Usifute kitu. Pembeni yake kuna folda inaitwa `backup`, ina kopi safi ya faili za mfumo. Inakili, na nakala hiyo uiite `data`. Kisha kutoka `data_ya_zamani` chukua folda za databesi zako tu, zile zenye majina uliyoweka wewe, uzinakili ndani ya `data` mpya. Folda za `mysql`, `performance_schema`, `phpmyadmin` na `test` ziache zilipo. Mwisho, chukua faili `ibdata1` kutoka folda ya zamani, ulipachike kwenye mpya, ukubali kufunika lililopo. Faili zinazoanza na `ib_logfile` usizichukue.

Washa MySQL. Leta majibu.

---

Mdau wa Kibaha

Samahani kwa kuingilia. Nimeweka Node, `node -v` inajibu vizuri lakini `npm -v` inaleta wekundu, "running scripts is disabled on this system". Hii laptopu ni ya ofisi ya zamani, labda walifunga kitu?

---

Mleta uzi

Hapana, ni kawaida ya PowerShell kwenye Windows. Andika hii humohumo, bila hata kuwa administrator:

`Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`

Ikiuliza jibu Y. Au fungua Command Prompt badala ya PowerShell, hiyo haina masharti hayo.

Na kwa wengine mtakaokuja na "`node` is not recognized": kabla ya kuuliza, funga terminali na VS Code yote, fungua upya. Terminali iliyokuwa wazi wakati unasakinisha haijui kwamba kuna kitu kipya kimeingia.

---

Mdau mbishi kidogo

Mkuu kwa heshima zote, 2015 ilishapita. XAMPP ni ya wazee. Mtu anayeanza leo umfundishe Docker (inayofunga programu na vyote inavyohitaji kwenye kontena) na WSL (Linux ndani ya Windows) moja kwa moja. Unaandika `docker compose up`, PHP, databesi, kila kitu kinapanda kwa toleo lilelile la seva. Hakuna cha "kwangu inafanya kazi". Unawapotezea watu muda kuwafundisha vitu watakavyokuja kuvitupa.

---

Mleta uzi

Nilijua utafika, karibu.

Nakubaliana nawe kuhusu kinacholengwa. Kwa timu, au kwa mradi wa mteja, Docker inamaliza ugomvi wa matoleo. Nami kazini naitumia.

Ila hebu iweke kwenye mashine niliyoitaja kule juu. Docker Desktop kwenye Windows inakaa juu ya WSL 2, na WSL 2 kwa kawaida inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM. Kwenye GB 4 ni GB 2 hizo, Windows yenyewe inakula zilizobaki, Chrome ndiyo hiyo. Mashine inaganda. Kisha kila image (kifurushi cha kuundia kontena) ni mamia ya megabaiti. Mtu wa bando la siku anashusha MySQL, PHP na Nginx, zikikatikia njiani kesho anaanza na bando jingine. Na bado lazima aingie BIOS kuwasha virtualization (uwezo wa kuendesha mfumo ndani ya mfumo), ambayo laptopu nyingi za mtumba zinakuja ikiwa imezimwa.

Kubwa zaidi kwangu: anayeanza akipata kosa kwenye Docker hajui kama kosa ni la PHP yake, la kontena, la mtandao wa kontena, au la faili la YAML alilokosea nafasi. Kwenye XAMPP kuna mahali pachache pa kuangalia.

Mwenye GB 16 na SSD, WSL ni nzuri sana, aanze nayo hata leo. Amri ni `wsl --install`. Ila faili zake aziweke ndani ya Linux yenyewe, `~/kazi`, asizifuate kwa njia ya `/mnt/c`. Akipitia huko kila kitu kinakuwa kizito, halafu anakuja kuandika nyuzi kwamba WSL ni mbovu.

---

Mdau mbishi kidogo

Hapo kwenye RAM sina ubishi. Ila unaweza kuibana WSL kwa `.wslconfig`, unaandika `memory=2GB`.

Na ukubali basi kwamba XAMPP inawadanganya watu kuhusu matoleo. Mtu ana PHP 8.2 kwake, seva ya mteja ina 7.4, tovuti inakufa siku ya kuzindua.

---

Mleta uzi

Hilo nalikubali bila kulegeza. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa kazi ya mteja, ingia kwenye jopo la hostingi yake uangalie PHP ipi ipo, halafu shusha XAMPP yenye toleo hilo, au omba hostingi wapandishe lao. Kwa kawaida jopo lenyewe linakuruhusu kuchagua.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilohilo: video za zamani. Ukiona mwalimu anaandika `mysql_connect(...)`, funga hiyo video. Kundi lote la `mysql_` liliondolewa kwenye PHP 7.0, Desemba 2015. Kwako italeta "Call to undefined function" na utadhani umesakinisha vibaya. Tumia PDO au `mysqli`.

---

Mdau wa Eldoret

Asante sana kwa hii uzi, sisi huku pia tuko nayo hiyo shida ya bundles. Swali langu: kila project mpya ya React `npm install` inadownload vitu vilevile tena. Kuna njia ya kusave data ama ndio maisha?

---

Mleta uzi

Ipo ndugu yangu. npm inaweka akiba ya kila kifurushi ilichowahi kushusha kwenye mashine. Iambie ianzie humo:

`npm install --prefer-offline`

Itaenda mtandaoni kwa kile tu kinachokosekana. Ukitaka kubana zaidi, angalia pnpm. Inahifadhi kifurushi mara moja kwenye diski na miradi yote inakielekezea hukohuko, kwa hiyo inaokoa nafasi pia, siyo bando tu.

Vilevile kwenye Windows nenda mipangilio ya Wi-Fi, ile hotspoti ya simu iweke "Metered connection". Windows inapunguza sana kujishushia masasisho nyuma ya mgongo wako. Hiyo peke yake wengine wanaiona kwenye bando siku hiyohiyo. Na nyaraka zishushe mara moja: fungua devdocs.io, upande wa Offline, chagua HTML, CSS, JavaScript na PHP. Ukikatiwa bando bado una pa kusoma.

Usifute `package-lock.json` hata siku moja kwa sababu mtu wa YouTube amesema "futa ujaribu tena". Faili hilo limekuja na npm 5 mwaka 2017 na ndilo linaloshikilia kila kifurushi kiwe toleo gani hasa. Liingie kwenye Git pamoja na kazi yako. Ukihamia mashine nyingine unaandika `npm ci` na unapata vilevile ulivyokuwa navyo. Ukilifuta, npm inachagua matoleo mapya inayoyaona yanafaa, na kitu kilichokuwa kinafanya kazi kinaacha bila wewe kugusa mstari.

---

Mdau asiye na laptopu

Na sisi wa simu tu? Nina Android ya RAM GB 4. Nimeambiwa Termux, ile terminali ya Android, ila ya Play Store inaleta makosa.

---

Mleta uzi

Chukua ya F-Droid, duka jingine la programu za Android. Ya Play Store ilibaki nyuma miaka mingi na ndiyo inayowachanganya watu. Ukishaifungua:

```
pkg update
pkg install git nodejs-lts php
```

Hapo una Git, Node na PHP kwenye simu. Kwa kuandikia weka Acode, inafungua faili vizuri. Ukurasa unauwasha kwa `php -S localhost:8000`, halafu Chrome ya simu unaandika `localhost:8000`. Hiyo seva ndogo imo ndani ya PHP yenyewe tangu 5.4, huhitaji Apache. HTML, CSS, JavaScript na PHP ya mwanzo utajifunza bila shida. React utaiweza lakini macho na vidole vitalalamika, tafuta kibodi ya Bluetooth.

Wenye laptopu nao, simu ni sehemu ya mazingira yenu. Wateja wa huku wanafungua tovuti kwa simu kwanza. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, andika `ipconfig`, chukua namba ya IPv4, mfano `192.168.43.120`. Kwenye laptopu washa `npx vite --host` au `php -S 0.0.0.0:8000`, halafu kwenye simu andika namba hiyo ikifuatiwa na poti. Firewall ya Windows ikiuliza, ruhusu. Isipofunguka, kagua kama hotspoti haikusajiliwa kama mtandao wa "Public". Data ya bando haitumiki hapo, mawasiliano ni ya simu na laptopu.

---

Mdau wa Zanzibar

Assalaam alaykum. Mimi kwangu kila kitu safi, nimepandisha tovuti ya mjomba kwenye hostingi, ya nyumba za wageni, picha nusu hazionekani. Kwenye laptopu zote zinaonekana. Nimezipandisha tena na tena. Hostingi wananiambia tatizo ni langu.

---

Mleta uzi

Waalaykum salaam. Bonyeza kulia kwenye picha isiyoonekana, ifungue kwenye tabo mpya, na bandika hapa ile anwani. Halafu bandika na jina la faili kama lilivyo kwenye folda.

---

Mdau wa Zanzibar

Anwani: `/picha/chumba1.jpg`
Folda: `Picha/Chumba1.JPG`

Ah.

---

Mleta uzi

Ndiyo hiyo. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili. Seva karibu zote za hostingi ni Linux, na kwake `Chumba1.JPG` na `chumba1.jpg` ni faili mbili tofauti. Kamera nyingi zinaandika `.JPG` kwa herufi kubwa, ndiyo maana zilizokufa ni zile ulizopiga mwenyewe na za kushusha mtandaoni zinaonekana. Au nakosea?

Badilisha majina yote yawe herufi ndogo. Angalizo: Git kwenye Windows nayo inaweza isione kwamba umebadilisha ukubwa wa herufi tu. Tumia `git mv`, na ikigoma pitia jina la katikati, mfano `Picha` iwe `picha-x`, kisha `picha-x` iwe `picha`.

---

Mdau wa Zanzibar

Hukukosea, za drone na za kamera ndizo zilizokufa. Ahsante sana.

---

Mdau wa Mwanza

Mkuu nimerudi. MySQL imewaka na haizimi. LAKINI phpMyAdmin nikibofya table inasema `#1932 - Table 'chuo.wanafunzi' doesn't exist in engine`. Majina ya table nayaona yote upande wa kushoto. Nimeanza kutetemeka, presentation ni Ijumaa.

---

Mleta uzi

Tulia. Kosa hilo karibu kila mara maana yake ni `ibdata1`. Folda ya databesi ina table, lakini orodha ya kuzitambua imo ndani ya `ibdata1` ya zamani, na sasa hivi inatumia ile safi isiyozijua. Zima MySQL kwanza, kisha nakili `ibdata1` kutoka `data_ya_zamani` ulifunike lililopo kwenye `data`. Inawezekana ulinakili MySQL ikiwa inawaka, Windows ikakataa kufunika.

---

Mdau wa Mwanza

IMEKUBALI. Rekodi zote zipo. Mkuu nakudai soda ukija Mwanza, yaani nakununulia mimi.

Sasa nifanyeje isijirudie?

---

Mleta uzi

Umeme hatuuwezi, kwa hiyo tunahakikisha ukikatika hupotezi zaidi ya kazi ya siku moja. Betri mpya kama unaimudu, au UPS ndogo ya mtumba, inayokupa dakika za kubonyeza Stop kwenye MySQL. Dakika tano zinatosha.

Na kila jioni toa databesi yako kuwa faili moja la SQL:

`C:\xampp\mysql\bin\mysqldump -u root -r C:\kazi\chuo\chuo.sql chuo`

Hiyo `-r` usiiache. Video nyingi zinakuonyesha alama ya `>` na kwenye Command Prompt inafanya kazi, ila PowerShell ya kawaida ya Windows itaandika faili hilo kwa UTF-16, na siku ya kulirudisha databesi inalikataa.

Fanya hivyo sasa hivi, halafu tengeneza databesi tupu iitwe `jaribio` kwenye phpMyAdmin, ingiza faili hilo kwa Import, uone kama wanafunzi wote wamo. Wakiwamo, sukuma mradi pamoja na faili la SQL kwenye ripo ya GitHub iliyofungwa, maana lina majina ya watu. Ukimaliza, omba laptopu ya rafiki yako yenye XAMPP, vuta ripo hiyo uone kama mradi unawaka kwake. Alhamisi usiku usifungue kitu kingine.